Mbuzi wa Adeer Alio Hakulivunja Bawa

Eedo Ilhan, shangazi yetu sote, assalamu alaykum. Nakuandikia nikiwa nyuma ya cherehani yangu, mlango wa duka nimeurudisha kana kwamba nimeenda kuswali, kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu mwezi wa kwanza na sina wa kumwambia isipokuwa wewe, ninayekusikia kila Jumamosi redioni ukiwaambia watu ukweli bila kuwapaka mafuta, basi nami niambie wangu, ila jina langu tafadhali usilitaje.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Garissa, nashona yunifomu za shule na nguo za harusi, na nina watoto wawili, mkubwa wao Leyla. Mume wangu Abdihafid alikuwa dereva wa lori, miaka kumi na moja akibeba mizigo kati ya hapa na Liboi, mpaka mwaka juzi lori lilipopinduka akiwa kwenye usukani. Alitoka hai, alhamdulillah, lakini mguu wa kulia anauburuta, na vidole vya mkono wa kulia vilikufa ganzi hata kifungo cha shati kikamshinda. Eedo, huyu alikuwa mtu wa maneno mengi, akirudi safari watoto hawalali kwa hadithi zake, na sasa akawa wa kuegemea ukuta kuanzia chai ya asubuhi, ukimuuliza utakula nini anasema chochote, ukileta chochote hakili.

Daktari wa mazoezi ya viungo pale hospitali akamwambia kwamba kufinya mpira hakutoshi, atafute kazi ya mikono anayoipenda, yenye vitu vidogo vidogo vya kushika. Mwingine angeshona kofia. Mume wangu akaja nyumbani akaniambia anataka kuunda ndege.

"Ndege gani, Baba Leyla?"

"Ya kuruka. Ndogo, ya mbao, ya kuongozwa kwa rimoti."

Nilidhani ni dawa za maumivu zinaongea. Kumbe jambo hili lilikuwa ndani yake tangu utoto huko Bute, ambako mwaka wa ukame mkali ndege ndogo ilishuka na dawa za watoto, rubani akambeba akamshikisha bawa, naye anasema lilikuwa la moto kama sufuria na mpaka leo analihisi kiganjani. Binamu yake aliyeko Eastleigh akamtafutia vifaa, katoni ikaletwa na basi, ndani yake mchoro mkubwa kama shuka, mota, betri, na fungu la mbao inayoitwa balsa, nyepesi mpaka nilipoliinua niliuliza kama kweli kuna kitu ndani.

Sasa Eedo, meza yangu ya kukatia iko nyumbani sebuleni kwa sababu duka ni dogo, na hiyo ndiyo meza pekee iliyonyooka. Akachukua nusu, baadaye akachukua nusu na robo. Akachukua na pini zangu, maana mchoro unatandazwa mezani, kisha kila kipande cha mbao kinashikizwa kwa pini juu ya mstari wake mpaka gundi ikauke. Bawa lina mbavu kama za samaki, kila ubavu unakatwa peke yake kwa wembe. Ubavu wa kwanza ulimchukua asubuhi nzima na akajikata mara mbili. Kufikia mwezi wa kumi na moja alikuwa anakata mitatu kwa siku. Nakiri kwamba vidole vyake vilikuwa vinarudi mbele ya macho yangu na mimi sikuviona, nilichokuwa naona ni meza yangu.

Ukaja mwezi wa kwanza, shule zikafunguliwa, na wewe unajua mwezi wa kwanza kwa fundi wa yunifomu ni nini. Naamka alfajiri nakata, naenda dukani nashona, narudi nakata tena, mgongo umekufa. Wifi yangu Sharifo, dada yake Abdihafid, akapita akaniita dada huku akicheka: "Abaayo, ndugu yangu amerudi utotoni, mnunulie na pipi." Nikaendelea kukata. Siku hiyo hiyo mteja mmoja dukani akaniuliza mbele ya watu kama ndege ya mume wangu itanipeleka Hija. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, na ndani yangu nilikuwa naungua.

Nikarudi nyumbani baada ya dhuhuri na vitambaa vya sketi arobaini mabegani, nikaukuta mlango umefungwa, nikaufungua kwa ufunguo wangu. Abdihafid alikuwa hospitali, watoto shuleni. Bawa lilikuwa mezani, limeshakamilika mifupa yake, mita moja na nusu, na hapakuwa na pa kuweka hata mkasi. Nikaweka kiganja changu juu yake nikabonyeza. Zikavunjika mbavu tatu, zikatoa sauti kama kuni kavu. Hapo ningeacha, Eedo. Sikuacha. Nikabonyeza tena katikati, mpaka ule mti mrefu unaozishika mbavu zote ukakatika mara mbili.

Aliporudi nikamwambia mbuzi wa jirani aliingia.

Hakupiga kelele. Alisimama akitazama, kisha akasema, "Niliacha mlango wazi. Hata mlango siwezi kufunga." Jioni ile alikwenda akamwambia Adeer Alio, mzee jirani yetu mwenye mbuzi, ami wa mtaa mzima, maneno makali kidogo, mzee akaomba radhi na akawafunga mbuzi wake, hayo yakaisha. Lakini Abdihafid alirudi ukutani. Akaacha ndege, akaacha mazoezi, akaacha hata kubishana na Leyla kuhusu mpira. Siku tisa. Siku ya tisa nikamuona anajaribu kufunga kifungo cha shati, vidole vinakikosa, akakiacha wazi akatoka hivyo hivyo.

Siku ya kumi niliacha yunifomu za watu, nikatandaza mchoro, nikachukua wembe. Mimi ni fundi, kukata kwa kufuata mchoro ndiyo kazi yangu. Nilikuwa kwenye ubavu wa pili niliposikia mguu wake unaburuta nyuma yangu.

"Unakata vibaya," akasema.

"Vibaya vipi?"

"Umekatisha nyuzi. Geuza mbao. Nayo ina nyuzi kama kitambaa chako."

Nikageuza. Akavuta kiti, akakaa, akanishikia. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyonipa tangu bawa livunjike, nami nililia lakini nikasema ni gundi inawasha macho.

Tukaunda pamoja, Eedo. Kila siku baada ya alasiri, saa moja. Mifupa ilipokamilika ikaja ngozi, ile karatasi ya nailoni nyembamba yenye gundi upande mmoja, unaitandika juu ya bawa na kuipiga pasi, nayo inajikaza ikawa kama ngoma. Yeye akakiunguza kipande cha kwanza, tundu kama yai. Nikamwambia niachie mimi, nikaishika pasi kama ninapopiga hariri ya bibi harusi, joto kidogo na mkono usitulie mahali, ikakaa bila kunyanzi hata moja. Akapitisha vidole vyake juu, vile vya kulia, taratibu, akasema, "Hamdi, naihisi. Naihisi ilivyo laini." Vidole vilivyokuwa na ganzi.

Alizunguka na fimbo yake wiki mbili kwa chifu, kwa polisi na kwa wanaohusika na vyombo vya angani, maana huku kwetu huwezi kurusha kitu angani hivi hivi watu wakadhani mengine, mpaka akapata barua yenye muhuri. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, kabla upepo haujaamka, tukaenda uwanja ulio wazi nje ya mji, na askari mmoja alikuja kusimamia. Majirani wote walikuja isipokuwa Adeer Alio. Sharifo alikuja na thermosi mbili za chai. Abdihafid akashika rimoti, kidole gumba cha kulia juu ya kile kijiti, pangaboi likalia, ndege ikakimbia kwenye mchanga ikaacha ardhi. Dakika saba! Iliyumba, nikafumba macho, ikanyooka. Ilipotua gurudumu moja liling'oka, na Abdihafid aliinama akasujudu pale pale vumbini, yeye ambaye tangu ajali alikuwa akiswali kwenye kiti.

Alipoinuka akasema mbele ya watu wote, "Mkitaka kushukuru baada ya Mungu, mshukuruni huyu mke wangu. Mimi nilishaacha."

Usidhani nalalamika, Eedo. Nashukuru mpaka naona haya. Mume wangu amerudi, anaongea, anacheka, anafunga vifungo vyake. Hospitali wamemuomba kila Alhamisi awaongeleshe wagonjwa walioumia kama yeye, na kila Alhamisi anawasimulia: nilizembea nikaacha mlango wazi, mbuzi akavunja, mke wangu akaniokoa. Wiki iliyopita nilimpelekea chakula nikayasikia kwa masikio yangu. Walinigeukia wote, mama mmoja akanishika mkono akaubusu, mkono huu huu, nikatamani kuukata.

Nikimwambia ukweli, naogopa atarudi ukutani. Nikinyamaza, kila asante yake inanichoma. Niambie, Eedo, si heri ninyamaze tu, maadamu yote yameisha kwa kheri?

Hamdi, Garissa

* * *

Wa alaykum salaam, Hamdi. Barua yako sitaisoma redioni. Mji mzima una ndege moja ya mbao, hata nikikuita jina lingine wasikilizaji watafika mlangoni kwako kabla kipindi hakijaisha. Nakujibu kwa karatasi, nawe uisome peke yako.

Kwanza niseme nimefurahi. Nilisoma pale vidole vilipohisi bawa nikaweka miwani chini. Mungu amekupa mengi na wewe unayaona, hilo si kila mtu analo.

Sasa nikugombeze.

Ulikuwa umechoka, naamini. Sketi arobaini mabegani, mgongo umekufa, watu wanakucheka, hapo nakuonea huruma yote niliyo nayo. Uchovu unaeleza kiganja cha kwanza. Cha pili ni chako, na wewe mwenyewe unajua, ndiyo maana umekiandika. Usimwambie mumeo kwamba aliyekusukuma ni shetani, au Sharifo, au yule mteja wa Hija.

Halafu kuna mtu katika barua yako umempita mbio kama gari lisilo na breki. Adeer Alio. Mzee wa watu ameambiwa maneno makali kwa kosa ambalo hakulifanya, ameomba radhi, amefunga mbuzi wake, na siku ya furaha mtaa mzima ulikwenda uwanjani yeye akabaki kwake. Wewe umeandika "hayo yakaisha." Yameisha kwa nani? Unaniuliza kama unyamaze kwa sababu kila mtu amepata kheri. Hesabu tena waliopata.

Na mumeo. Wewe unaogopa ukweli utamrudisha ukutani. Mwanangu, kilichomrudisha ukutani ni kuamini kwamba hata mlango hawezi kufunga. Kila Alhamisi anawaambia wagonjwa wenzake kwamba yeye ni mzembe, na hilo ni wewe uliyempa alibebe. Mlango aliufunga. Ana haki ya kujua kwamba aliufunga.

Fanya hivi. Chagua siku ambayo watoto wako kwa Sharifo. Baada ya alasiri, saa ile mnayokaa pamoja mezani, mpe chai na usimpe kitu kingine cha kumlainisha. Mwambie: mimi nililivunja bawa, kwa mkono wangu, kwa makusudi, na nikamsingizia mbuzi. Sentensi hiyo moja, na usiifuatishe na "lakini." Akikuuliza jambo, jibu lile aliloliuliza. Akinyamaza, mwache anyamaze. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo. Umekaa na jambo hili miezi, naye mpe siku zake.

Kisha nenda kwa Adeer Alio kwa miguu yako. Mumeo akitaka kwenda nawe, vizuri. Asipotaka, nenda peke yako, lakini usipite wiki. Mambo ya hospitali mwachie Abdihafid mwenyewe, kisa ni chake, atakisimulia apendavyo.

Jingine. Zile mbavu ulizokata kwa wembe na ile pasi uliyoipiga ni kazi ya kweli, haifutiki kwa sababu ya kilichotangulia. Usiende kwake kama mtu aliyemdanganya katika kila kitu. Ulimdanganya katika jambo moja.

Na mwezi wa kwanza ujao usipokee oda zote za shule peke yako. Tafuta fundi mwenzako mgawane, na ununue meza ya pili hata kama ni ya mbao za maboksi. Mume na mke hawawezi kukata kitambaa na ndege juu ya meza moja wakabaki na adabu.

Eedo Ilhan

* * *

Eedo, hii ya pili unaweza kuisoma redioni, pamoja na ile ya kwanza na jibu lako. Abdihafid amesema soma, na majina usiyafiche.

Nilimwambia siku ya Jumapili. Nilisema ile sentensi kama ulivyoiandika, nikaziba mdomo. Akaweka kikombe chini.

"Mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara mbili."

"Na ya pili ulikuwa unajua unachofanya?"

"Nilijua."

Akachukua fimbo akatoka. Siku mbili aliniambia yale ya lazima tu, maji yako wapi, mtoto amekula. Nilikuwa nikisikia fimbo yake uani inakwenda na kurudi, lakini Eedo, ukutani hakukaa, hilo naliapa. Siku ya tatu asubuhi alikuja kwenye mlango wa duka, amevaa kanzu safi, vifungo vyote amefunga mwenyewe.

"Vaa viatu, twende kwa mzee. Wewe ulisema uongo, lakini mimi ndiye niliyemfokea."

Adeer Alio alitukaribisha kwenye mkeka kana kwamba tumechelewa kidogo tu. Nilisema yangu, Abdihafid akasema yake, akamwita adeer, akambusu kichwa. Mzee akatutengea vikombe. Kisha akasema, "Yule mbuzi wangu mweupe nilimpiga siku ile. Nilimpiga sana." Nikajificha uso kwa shungi. Akasema tena, "Mimi nimewasamehe, walahi nimewasamehe. Ila mlikuja kunigombeza siku ile ile, na kuja kuniomba radhi mmechukua miezi. Siku nyingine mfanye haraka hivyo hivyo." Akatumiminia maziwa. Wakati wa kuondoka akamuuliza Abdihafid, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anaomba, kama ndege ile inaruka juu kuliko paa la msikiti, na Abdihafid akamwambia, "Jumamosi nakuja kukuchukua, uone mwenyewe."

Nami sikuwa na hakika tumepona mpaka Alhamisi. Abdihafid aliniambia nimfuate hospitali. Alikaa mbele ya wale wagonjwa kama kumi na wawili, akawasimulia lori, mbao, wembe, akafika kwenye lile bawa. Akasema, "Siku nyingi nimewaambia niliacha mlango wazi. Si kweli. Mlango niliufunga vizuri kwa mkono huu."

Kijana mmoja mwenye plasta shingoni akauliza, "Sasa mbuzi alipitia wapi?"

"Hapakuwa na mbuzi."

Abdihafid hakunitazama, aliniachia niseme mwenyewe. Nikainua mkono wangu kama mwanafunzi darasani. "Ni mimi niliyelivunja," nikasema. "Nilikuwa nimechoka na nina hasira, nikalivunja kwa makusudi."

Yule mama aliyenibusu mkono akamgeukia mume wangu. "Na bado unaishi naye?"

"Mama," akasema Abdihafid, "nimejaribu kuipiga pasi ile nailoni mwenyewe. Ilitoka tundu kama yai."

Walicheka mpaka muuguzi akafungua mlango. Abdihafid alipomaliza kucheka akanitazama, akasema polepole, kwa Kisomali, maneno ya kwangu tu, kwamba wakati ule yeye alikuwa anaona ndege peke yake, na mimi aliniona kama meza. Sikuwa nimemdai hayo, Eedo, wala wewe hukuniambia niyategemee.

Alinishika mkono tukitoka, mkono wake wa kulia. Alinibana kwa nguvu mpaka ukauma, nami sikumwambia aulegeze.

Nakushukuru, na Mungu akulipe.

Hamdi Abdihafid, Garissa